Mkopo umekushinda na nyumba ndo dhamana? Fanya haya kabla hujaanza kungoja serikali

Wakuu habari za jioni. Hii nimeandika kwa ajili ya mtu wa Mwanza, au Musoma, Bukoba, Geita, mpaka Ukerewe huko, ambaye biashara imeyumba, ana mkopo, na kilichowekwa dhamana ni nyumba anayolala na wanae. Kila uchumi ukikaza naona ubishi uleule unarudi, je serikali itumie hela ya walipakodi kuwaokoa wenye nyumba au iwaache wapambane na hali zao, watu wanabishana mpaka usiku wa manane na mwenye nyumba mwenyewe kanyamaza anasubiri nani atashinda. Msimamo wangu kwenye huo ubishi ninao na nitausema huko mbele, ila rejesho la mwezi huu halingoji tumalize.

Kitu kimoja kishike kabla hatujaenda mbali, kinachookoa nyumba mara nyingi ni muda. Hela ya bure inasaidia, nani anakataa, ila ukiangalia nyumba zilizopona na zilizopigwa mnada utakuta aliyepona aliomba muda mapema na aliyeuziwa alikuwa anajificha afisa mikopo akipiga simu. Karibu kila ninachoandika hapa chini ni namna ya kupata muda.

Kwanza jua deni lako ni la aina gani

Mkopo wa nyumba wenyewe, ule wa kununulia au kujengea unaolipwa miaka 15 au 20, hapa kwetu wanao wachache na wengi wao ni waajiriwa. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, TMRC, kampuni ya kuzikopesha benki, ikaanzishwa 2010 makusudi ili benki zipate hela za kukopesha muda mrefu, ila zunguka Buswelu, Kisesa, Buhongwa, Igoma, nyumba nyingi unazoziona zimejengwa kwa kudunduliza, mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali mpaka kwenye lenta, bati zinangoja pamba iuzwe au mtu apate malimbikizo yake, na familia inahamia dari halijafungwa. Nyumba ya hivyo haina deni hata shilingi mpaka siku mwenyewe anapochukua hati kabatini anaipeleka benki aombe mtaji wa dagaa, au injini ya boti, au bodaboda tatu. Kwahiyo deni letu wengi ni deni la biashara lililokaa juu ya nyumba. Hii ni muhimu kwasababu ukienda kuomba nafuu unazungumzia biashara, mauzo, msimu, ndo lugha anayoielewa yule aliyekukopesha.

Halafu angalia nani kakukopesha. Kama ni benki na una hati iliyosajiliwa, uko kwenye mikono ya Sheria ya Ardhi na una haki nyingi tu, nitazitaja. Kama ni SACCOS au taasisi ya huduma ndogo za fedha, na dhamana ni leseni ya makazi au yale makaratasi ya mauziano yaliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa, kama nyumba nyingi za mlimani Mabatini na Bugarika zilivyo, njia ya kuomba muda ni ileile ila karatasi zako ni dhaifu zaidi, usichelewe.

Kama ni kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, hapo tusimame kidogo. Wakopeshaji wasiopokea amana wanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Benki Kuu iliweka kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutoza 20 au 30 kwa mwezi, na wapo wengi tu, muulize leseni. Na mchezo wao mbaya kuliko riba ni huu hapa, wanakuandikia MKATABA WA MAUZIANO ya nyumba badala ya mkataba wa mkopo, wanakuambia we saini tu hii ni utaratibu, ukimaliza kulipa tunachana. Siku ukichelewa ile karatasi inasema uliuza nyumba yako kwa milioni nne kwa hiari yako mbele ya mashahidi. Usisaini. Kama ulishasaini, kusanya kila ushahidi kwamba ulikuwa mkopo, meseji za kukukumbusha rejesho, miamala ya simu, daftari lao kama uliwahi kulipiga picha, halafu nenda kwa mwanasheria wiki hii hii, usingoje waje na fundi wa kubadilisha kitasa.

Piga hesabu ukiwa bado unalipa

Wengi wanaenda benki wakiwa wameshashindwa miezi mitano. Umechelewa mno. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa benki inauhesabu kuwa chechefu, inalazimika kutenga hela kufidia hasara, taarifa yako inaenda kwenye kanzidata ya wakopaji na faili linaanza kuelekea idara nyingine kabisa, watu wasiokujua wala hawajawahi kufika dukani kwako. Kabla ya hizo siku 90 benki yenyewe haitaki mkopo wako uharibike. Hapo ndo una nguvu ya kuongea.

Sasa hesabu. Tuseme ulikopa milioni 20 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayopungua kadri salio linavyopungua, miezi 36, rejesho linakuja kama 723,000 kwa mwezi. Umelipa mwaka mmoja vizuri, imebaki miezi 24 na salio ni karibu milioni 14.5. Biashara imeshuka huwezi tena 723,000. Ukiomba salio lisambazwe kwa miezi 48 kwa riba ileile, rejesho linashuka hadi kama 425,000. Nafuu ya karibu laki tatu kila mwezi! Lakini sio bure, ukijumlisha mpaka mwisho utakuwa umelipa kama milioni 3 zaidi kuliko ungemaliza kwa miezi 24. Mimi naona ni bei nzuri ukilinganisha na nyumba, ila ijue kabla hujasaini usije ukalia baadae kwamba umeibiwa.

Utajuaje rejesho gani unaliweza? Chukua mauzo ya mwezi mbovu, narudia mwezi mbovu, toa manunuzi, toa usafiri, toa barafu au chumvi, toa chakula cha nyumbani na ada, kinachobaki ndo cha kuongelea. Marekani kwenye mpango wao wa 2009 wa kuwasaidia wenye nyumba walioelemewa na mikopo walitumia kipimo cha rejesho lisizidi asilimia 31 ya kipato cha mwezi kabla ya makato. Kama kianzio sio kibaya, japo kwa mtu mwenye watoto wanne shule na mama yake kijijini Magu hata hiyo 31 ni kubwa.

Na hapa watu wa ziwani kuna jambo lenu peke yenu. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiingia mitumbwi inapaki, siku kadhaa kila mwezi hakuna kitu, Kirumba pale Mwaloni unaona kabisa mzigo umekata na waanikaji wamekaa. Lakini mikopo mingi ya vikundi inadai rejesho KILA WIKI, mbalamwezi isiwe mbalamwezi. Matokeo yake mtu anakopa kausha damu kulipa rejesho la wiki ya mbalamwezi, akirudi kwenye giza nusu ya faida inaenda kulipa kausha damu, na hiyo ndo njia ambayo nyumba nyingi zinaondokea, mkopo mkubwa wenyewe haukuwa tatizo. Kwahiyo kwenye ombi lako usiombe kupunguziwa tu, omba tarehe zibadilishwe zifuate giza. Afisa mikopo aliyekulia Mwanza atakuelewa hata usipomaliza sentensi.

Barua, na mdomo wako ukifika pale

Usiombe kwa simu na usiombe kwa mdomo peke yake. Andika barua ukurasa mmoja, nakala mbili, moja wanabaki nayo nyingine wanakugongea muhuri wa kupokelewa na tarehe. Iwe kama hivi, badilisha ya kwako:

*Meneja wa Tawi. Yah: Ombi la kubadilishiwa masharti ya mkopo namba ... Rejea mkataba wetu wa tarehe ... Nimelipa marejesho yangu kwa wakati hadi mwezi ... Tangu hapo mauzo yangu ya dagaa yameshuka kutoka shilingi ... hadi shilingi ... kwa mwezi kwa sababu ... Naomba salio langu lisambazwe kwa miezi 48 badala ya 24 iliyobaki, miezi miwili ya kwanza nilipe riba peke yake, na adhabu za kuchelewa zisimamishwe wakati ombi langu linashughulikiwa. Naambatanisha daftari la mauzo la miezi sita, taarifa ya akaunti, na taarifa ya miamala ya simu. Nitakuwa nalipa shilingi ... kila tarehe ... kuanzia mwezi ...*

Umeona hamna kulia humo. Hakuna "nina watoto wananitegemea", kila mtu ana watoto. Kuna namba, sababu na ahadi yenye tarehe.

Ukifika dirishani omba kukaa na afisa mikopo wako, na mazungumzo yanakuwa hivi mara nyingi, kijana anakuamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, nimeleta barua," anaisoma haraka anasema "Mama sisi hatuna utaratibu huo, we lipa hata nusu kwanza." Usiondoke. Mwambie kwa upole tu, "Sawa baba, nusu hii hapa nalipa leo, ila hiyo barua naomba uipokee uigonge muhuri, na kama jibu ni hapana naomba meneja aniandikie hapana." Kuandika hapana ni kazi, karatasi yenye hapana inaweza kufika makao makuu na ikafika Benki Kuu. Mara nyingi hapo ndo unaambiwa mama ngoja kidogo niongee na meneja.

Na tunza kila kitu kwenye bahasha moja, sio kwenye simu tu. Huo mpango wa Marekani niliotaja uliwaumiza watu wengi kwenye makaratasi, mtu anatuma nyaraka, kampuni inayosimamia mkopo inasema haikupata, anatuma tena, wanasema zimepitwa na wakati, huku upande wa pili wa kampuni hiyohiyo unaendelea na mnada. Walipanga kusaidia kaya milioni 3 mpaka 4, waliopata nafuu ya kudumu wakawa chini ya milioni 2. Kama wale wenye faksi na mawakili walizungushwa, wewe usiende bila nakala yenye muhuri.

Benki ikikukatalia bila sababu au ikikaa kimya, malalamiko yanaenda kwanza kwenye dawati la malalamiko la benki yenyewe, usiporidhika ndo unapanda Benki Kuu, kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019 na hao Benki Kuu (BoT) wana tawi hapa hapa Mwanza. Hawatakufutia deni hao, wanachofanya ni kumuuliza mkopeshaji kwanini hakukujibu, na swali hilo likitoka BoT huwa linajibiwa.

Notisi imefika

Usiichane na usimwambie mtoto aseme baba hayupo. Chini ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi mkopeshaji lazima akupe notisi ya maandishi inayosema umekosea nini na kwa kiasi gani, ufanye nini kurekebisha, na kwamba zikipita siku 60 tangu uipokee deni lote linadaiwa kwa mkupuo na anaweza kuuza. Siku 60. Andika kwenye bahasha tarehe uliyoipokea, na nani kaileta. Notisi ambayo haisemi kiasi, au imebandikwa mlangoni leo mnada keshokutwa, hiyo mpelekee mwanasheria akiwa bado hajanywa chai.

Ndani ya hizo siku 60 unaweza kulipa malimbikizo na mambo yakarudi kama kawaida, au mkakubaliana masharti mapya, au ukauza mwenyewe. Mambo mengine ya kukagua: je mwenza wako alisaini? Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume, kifungu cha 114 kinasema hivyo, na nyumba zimerudi kwa sababu hiyo. Ila isiwe ni ujanja, wapo wanaume wanaomleta mke mahakamani aseme hakujua wakati picha yake iko kwenye fomu ya ridhaa, mahakama nazo sio za watoto.

Mnada nao una sheria yake. Sheria ya Madalali inataka tangazo la siku zisizopungua 14 kwenye mji mkuu wa wilaya na pale utakapofanyika mnada, kwa Kiswahili na Kiingereza, na ni sheria ya zamani hiyo mpaka inataja kupiga ngoma ili na asiyejua kusoma asikie. Siku hizi ni gari lenye spika na tangazo gazetini, sawa, lakini siku 14 ni siku 14, piga picha tangazo likiwa na tarehe.

Na bei! Kifungu cha 133 kinamlazimisha mkopeshaji atafute bei nzuri inayopatikana kwa wakati huo. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya bei ya wastani ya nyumba za aina hiyo eneo hilo, sheria inachukulia kwamba amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo, na wewe unaweza kuomba mahakama itengue mauzo. Yani kama nyumba za mtaa wako zinaenda milioni 80, ikigongwa nyundo kwenye 60 au chini ya hapo una hoja. Kwahiyo kabla ya mnada tafuta mthamini aliyesajiliwa akuandikie ripoti, inauma kutoa hela ya mthamini ukiwa huna hela, najua, ila bila ripoti utabaki unasema "nyumba yangu ni ya thamani" na dalali anasema "soko ndo lilikuwa hivyo". Baada ya mnada mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa na unaweza kuishia kudai fidia tu, kwahiyo pambana kabla nyundo haijagonga.

Zuio la mahakama lipo lakini halitolewi kwa huruma. Tangu kesi ya Atilio na Mbowe ya 1969 mahakama zetu zinauliza vitu vitatu, kuna hoja ya msingi ya kusikilizwa, utapata hasara isiyofidika, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au lisipotolewa. Mtu mwenye barua tatu zenye muhuri akiomba masharti mapya na risiti za nusu rejesho anaonekana tofauti kabisa na mtu aliyezima simu miezi minane.

Kuuza mwenyewe

Hii watu hawataki kuisikia. Ila kama hesabu zako za mwezi mbovu zinaonyesha hata hiyo 425,000 huiwezi, uza wewe kabla hujauziwa. Ongea na benki, wanajua kufanya hivyo, mnunuzi analipa deni moja kwa moja benki, benki inaachia hati na kuondoa rehani kwa msajili wa hati, kinachobaki ni chako. Nyumba iliyouzwa na mwenyewe kwa utulivu na ile iliyotangazwa na spika bei zake haziko sawa hata siku moja. Kodi ya TRA kwenye mauzo ulizia kabla ya kukubaliana bei, sio baada. Na kabla ya kufika huko kuna njia ya katikati ambayo Mwanza inafanyika sana, familia inahamia vyumba vya uani, nyumba kubwa inapangishwa, kodi inaingia benki moja kwa moja. Aibu ya mtaa inaisha ndani ya mwezi, wakishapata mwingine wa kumsema.

Sasa ule ubishi, hela ya walipakodi iingie au isiingie?

Kwanza tujue mlipakodi ni nani. Sio bosi wa Capripoint peke yake. Mama anayenunua sabuni analipa VAT asilimia 18. Mpangaji wa chumba kimoja Igogo akinunua umeme, kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, nyumba ya mtu mwingine, na wenye nyumba wengi hata hawamkatii kwenye pango. Sasa ukisema serikali ilipie madeni ya wenye nyumba, unamwambia huyo mpangaji amchangie mwenye nyumba wake. Akikasirika ana haki. Huko Marekani Februari 2009, siku moja tu baada ya Obama kutangaza mpango wake wa kuwasaidia wenye nyumba, mtangazaji wa biashara Rick Santelli alifoka hewani kutoka ukumbi wa masoko wa Chicago akiuliza kwanini watu walipie mkopo wa jirani, na hasira ile ikaja kuwa siasa kubwa ya nchi nzima. Ila miezi michache kabla, Oktoba 2008, Bunge lao lilikuwa limeidhinisha dola bilioni 700 kwa ajili ya kuokoa mfumo wa benki. Jirani aliulizwa maswali mengi kuliko benki.

Upande wa pili nao una ukweli. Nyumba moja ikipigwa mnada ni msiba wa familia moja, nyumba kumi mtaa mmoja ni bei ya mtaa mzima inaporomoka, hata yule asiyedaiwa akitaka kuuza au kukopa anaambiwa nyumba yako imeshuka, na wapangaji wa uani wanatolewa na mwenye nyumba mpya. Hasara haikai kwa aliyekopa. Hata sisi huku tuliionja ile ya Marekani, mgogoro ulianzia kwenye mikopo ya nyumba zao, bei ya pamba duniani ikaanguka mwishoni mwa 2008, wanunuzi wa Kanda ya Ziwa waliokuwa wamekopa benki wakabaki na marobota waliyonunua kwa bei kubwa. Juni 2009 serikali ya Kikwete ikatangaza mpango wa kunusuru uchumi wa kama trilioni 1.7, na humo ikawemo fidia ya hasara kwa makampuni na vyama vya ushirika vilivyonunua pamba na kahawa, karibu bilioni 22, pamoja na kuongezewa muda wa mikopo yao kwa dhamana ya serikali. Kwahiyo tusijifanye kama hela ya kodi haijawahi kuokoa mdaiwa hapa nchini, imeokoa, ila iliingilia juu, na baadae bungeni maneno yakawa mengi kuhusu nani hasa alilipwa. Mkulima wa Kwimba aliyeweka nyumba dhamana alisubiri juu washibe.

Mpango ninaoukubali ni wa zamani zaidi. 1933, Marekani iko hoi kwenye mdororo mkubwa, serikali yao ikaunda shirika la HOLC. Halikugawa hela. Lilinunua mikopo iliyokwama kutoka kwa wakopeshaji, mikopo ile ya miaka mitatu mitano unatakiwa kumaliza kwa mkupuo, likaigeuza kuwa ya miaka 15 kwa riba ya asilimia 5. Kama kaya milioni moja zilipata. Takriban moja kati ya tano bado zilipoteza nyumba, sio muujiza, na ramani zao zilizochora mitaa ya watu weusi kwa rangi nyekundu ni doa ambalo halifutiki. Lakini shirika lilipofungwa 1951 lilikuwa na faida kidogo, mlipakodi alirudishiwa chake. Walichotoa kilikuwa muda.

Na sisi tulifanya kitu cha aina hiyo bila kelele Mei 2020, wakati ndege zimesimama na minofu ya sangara haiendi Ulaya, viwanda vya samaki hapa vinapunguza watu, BoT iliruhusu benki zikae na wateja walioumizwa na korona wapange upya mikopo, ikashusha na kiasi cha amana ambacho benki lazima ziweke kwake kutoka asilimia 7 hadi 6 ili zipate hela ya kupumulia. Hakuna aliyelipiwa deni lake. Shida ilikuwa kwamba wengi wa huku chini hawakujua kwamba wanaruhusiwa kuomba.

Kwahiyo jibu langu ni kwamba hela ya kodi isilipe deni la mtu. Ikibidi iingie, iingie kama mkopo unaorudi, mkopeshaji naye akate kipande chake kwanza, na iwe kwa nyumba ambayo mtu analala humo, sio ya tano ya kupangisha, na aliyeangushwa na soko au ziwa, sio aliyekopa akanunua gari la harusi. Najua kuna watakaosema hata hivyo ni kumbeba mzembe. Wapo wazembe, ndio. Ila ukimpa mzembe miezi 24 zaidi na riba juu yake bado analipa yeye, mpangaji wa Igogo halipi kitu.

Kama unataka kudai, dai hivi

Kikao cha mtaa au siku mbunge akija, usiseme "serikali itusaidie", utajibiwa "tumelipokea" na atapanda gari. Sema vitu vinavyoweza kufanyika: BoT irudie ruhusa ya 2020 msimu ukiharibika na itangazwe kwa Kiswahili redioni na mialoni, taasisi zinazokopesha wavuvi na wachuuzi wa dagaa zipange rejesho kufuata giza, kausha damu wasio na leseni wafungiwe, na kama kuna hela yoyote ya umma inatoka kusaidia wadaiwa basi orodha ya waliopata ibandikwe ofisi ya kata. Diwani wako muulize pia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Haitakulipia deni la nyumba na usidanganye kwenye fomu, ila kikundi chenu kikipata mtaji humo biashara inaweza kusimama tena na rejesho likatoka.

Wenye notisi mkononi tayari, achaneni na kikao kwa sasa. Chukua mkataba wa mkopo, notisi yenyewe na bahasha yake, taarifa ya akaunti, nakala ya hati au leseni, cheti cha ndoa kama kipo, barua zako zenye muhuri, toa kopi mbili za kila kimoja, halafu nenda kwa mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa, ofisi ya halmashauri watakuelekeza wa karibu, Nyamagana na Ilemela wapo na huduma ni bure kwa asiye na uwezo. Nenda asubuhi mapema, foleni ya pale sio ya mchezo.